Chai Niliyompa Thadeus Bila Kuonja

S.L.P. 318,
Kibosho,
Moshi.

Jumapili, 21 Agosti 2005

Mpendwa mdogo wangu, Padri Urbanus,

Tumsifu Yesu Kristo. Hiyo ni kwa ajili ya upadri wako. Sasa na wewe nipe shikamoo yangu, maana hata wakikupa uaskofu huko Brazili, mimi nitabaki kuwa dada yako Anyesi niliyekubeba mgongoni hadi mferejini ukanilowesha kitenge kipya.

Unaendeleaje na ile homa uliyotuandikia mwezi wa Mei? Imekwisha kabisa au unatuficha kama kawaida yako? Mama ameniagiza nikuulize kama mnapata ndizi za kupika huko, na kama mnapata, ni nani anayekumenyea. Nimemwambia padri anamenya mwenyewe. Hakuamini.

Sisi kwa ujumla hatujambo. Mama miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea mpaka zizini na kumgombeza kila anayemkuta. Migomba imezaa vizuri. Kahawa ndiyo usiulize, watu wanaing'oa na kupanda nyanya, na kaka yetu Thadeus naye amekata mistari miwili upande wa juu. Barabara ya kushukia mjini ni ileile uliyoiacha. Ukitoka na trei ya mayai unafika soko la Mbuyuni na mchuzi.

Habari kubwa ni ya binti yangu Monica. Amepata mchumba, anaitwa Rodney, fundi umeme, mtu wa Machame. Ndiyo, ni Mlutheri. Usishike kichwa, paroko anajua na ameshaanza kukaa nao. Ndoa ni Desemba Mungu akipenda, na tunakungoja wewe.

Lakini sikukaa chini leo baada ya Misa ili nikuandikie habari za nyanya. Kuna jambo limenikwama kooni, na huku nikimwambia yeyote, kesho litakuwa kwa jirani. Nakuomba ulisome kwanza kama mdogo wangu. Upadri uuweke pembeni mpaka ufike mwisho.

Unakumbuka baba alivyofariki. Au niseme, unakumbuka ulivyoambiwa, kwa kuwa hukuwahi mazishi. Sikulaumu, ndege ya kutoka huko si basi la Arusha. Ila acha nikueleze mwenyewe, maana miaka mitatu na nusu imepita na hujawahi kuisikia kutoka kwangu.

Ilikuwa siku moja baada ya Jumatano ya Majivu, mwaka 2002. Baba alitoka kwenye migomba akapita kwangu, kwenye ile kona ya kihamba cha ukoo aliyonikatia niliporudi nyumbani na Monica mgongoni baada ya ndoa kunishinda. Alikuwa na kiu. Jirani yetu Salvina alikuwa ameniachia mbege kidogo. Nikaichota kwa kata, nikampa. Sikuonja.

Wewe ni mtoto wa Kibosho, unajua uzito wa neno hilo. Kwetu anayetoa pombe huonja kwanza mbele ya anayepokea, ili mwenzake ajue hakuna kilichotiwa. Mke huonja kwa mumewe, mama huonja kwa mwanawe. Lakini nilikuwa nimeweka nadhiri kwamba Kwaresima nzima tone la pombe halitagusa mdomo wangu, na ile ilikuwa siku ya pili tu. Nikamwambia baba. Akacheka, akasema nadhiri ni nadhiri, akanywa kata nzima na kujifuta ndevu. Kulipokucha hakuamka.

Thadeus hakuniita muuaji. Afadhali angeniita, tungegombana mbele ya watu, wazee wangekaa, yangekwisha. Yeye aliacha tu kunywa chochote kinachotoka mkononi mwangu. Chai hanywi, uji hanywi, maji ya mtungi hanywi. Akija kwangu, na lazima aje kwa kuwa nyumba zetu zinatazamana, anapitia dukani kwanza, ananunua soda, anaifungua mwenyewe kwa meno, kisha anainywa huku ananiangalia. Watu wana macho, Urbanus, na wenye macho wana midomo. Ukafika wakati nikipita njiani kwenda kanisani wanawake wananyamaza. Ikasemwa nilitaka baba afe kabla hajabadili mawazo juu ya ile kona ya kihamba.

Nilianza kuonja kila kitu mbele yake. Nikimpa maji, naonja. Nikimpa mtori, nala kijiko cha kwanza. Haikusaidia. Aliniambia mara moja tu, kwa sauti ya chini: ungeonja siku ile. Akaondoka zake.

Nami nikawa mtu wa kuonja. Ikawa ugonjwa. Nikimpa mteja maji dukani kwangu, naonja. Nikimpa Monica dawa ya kikohozi, naonja. Monica alikuwa ananiambia, mama, basi sasa, lakini mkono ulikuwa umeshafika mdomoni.

Najua Thadeus alikuandikia. Barua zako mbili za mwaka ule zilikuwa na sala nyingi nzuri, na hazikuwa na swali hata moja kwangu. Hilo liliniuma kuliko soda zake. Nimelisema, limetoka, tuendelee.

Sasa nikupeleke Uchina. Oktoba iliyopita nilikwenda Guangzhou na Tabitha, yule Mpare tunayeuza naye vyombo Mbuyuni. Tabitha alimaliza shughuli zake akarudi. Mimi mzigo wangu wa chupa za chai ulitoka kiwandani na vifuniko visivyoingia, wakaniambia ningoje wiki tatu. Wiki tatu, mdogo wangu, na neno nililolijua kwao ni la kusalimia na la kuuliza bei.

Mungu hamtupi mja wake. Asubuhi moja nimekaa kwenye korido ya nyumba ya wageni na mashavu yangu mikononi, nikasikia nyuma yangu, "Ndugu, mbona unyonge?" Nikadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nageuka, naona mzee wa Kichina, mwembamba, kofia kichwani. Anaitwa Chen. Ujana wake aliutumia kujenga reli ya TAZARA, alikaa kambini karibu na Makambako miaka minne, na Kiswahili chake ni cha wakati wa Azimio la Arusha. Kila mtu ndugu, kila kitu maendeleo. Kazi yake sasa ni kuwatafsiria wafanyabiashara kutoka Afrika. Alipojua shida yangu akasema chumba kile kitanimaliza, afadhali nikakae kwa dada yake mlimani, na mzigo ukiwa tayari wataniita. Tabitha angekuwepo angenifunga kamba nisiende. Nilikwenda.

Ni safari ya basi ya siku nzima na kipande. Nilipofungua macho asubuhi ya pili niliona miteremko, ukungu, vijito, wanawake wanapanda na matita mgongoni. Kasoro migomba. Mahali pa kahawa wao wana chai. Nilitamani kuteremka niwaamkie kwa Kichagga.

Dada yake, Bibi Lin, ni mwalimu mstaafu, mfupi, hana mchezo. Kila asubuhi alikuwa anatengeneza chai ya namna ambayo hata Wachina wenyewe wengi wameiacha tangu enzi za mababu zao. Majani hayachemshwi, yanasagwa kuwa unga. Anapasha bakuli la udongo mweusi kwa maji ya moto na kuyamwaga. Anachekecha unga, wa kijani kabisa, anatia bakulini, anaweka maji kidogo na kuuvuruga mpaka uwe uji mzito. Halafu anaongeza maji na kuupiga kwa upekecho wa mwanzi uliochanwa nyuzi nyembamba. Maji yanaingia mara saba, kidogo kidogo, na kila mara kasi ya mkono inabadilika. Ukijani unazama, na juu linapanda povu jeupe, zito. Likipigwa vizuri linashika ukingo wa bakuli na kukaa pale. Mzee Chen alisema zamani watu walishindana kwa chai hiyo, na ambaye povu lake liliachia bakuli kwanza ndiye aliyeshindwa.

Siku ya tatu nilimwomba anifundishe. Sikuwa na kazi nyingine, na wewe unanijua, siwezi kukaa bure nikamwangalia mtu anafanya kazi ya mikono. Nilipiga ile chai kama nasonga ugali wa msiba. Bibi Lin akanikamata kiwiko na kukibana ubavuni mwangu. Akataka kifundo cha mkono tu kicheze. Povu langu lilikuwa la sabuni ya kufulia, mapovu makubwa yanapasuka kabla sijaweka upekecho chini. Mkono ulivimba. Alinikanda kwa maji ya moto, kesho yake akanirudisha bakulini bila huruma.

Siku ya nne ya kujifunza povu likapanda. Dogo, lakini jeupe. Bibi Lin akakaa wima kama mgeni, akanyoosha mikono yote miwili apokee. Nami nikainua bakuli, nikaonja, ndipo nikampa.

Alilipokea, akatazama mahali mdomo wangu ulipolitoboa povu, akainuka na kuimwaga yote kwenye ndoo ya uchafu. Urbanus, niliona haya, kisha nikaona hasira. Nikajiambia, hata huku? Nimetoka Kibosho mpaka mwisho wa dunia na bado kuna mtu hanywi kilichotoka mkononi mwangu!

Mzee Chen alikuwa nje anaota jua. Akaitwa, wakazungumza, akanigeukia na kunieleza kwa upole kwamba bakuli la kwanza ni la mgeni, zima, na mdomo wa aliyeipiga hauingii. "Umempa makombo, ndugu." Nikamweleza desturi yetu na sababu yake. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamweleza na habari za baba, na za Thadeus. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwa mpangilio ule. Akamtafsiria dada yake. Bibi Lin alisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea bakuli. Nilidhani atasema la kunifariji.

"Anasema piga tena," Mzee Chen akaniambia.

Nikapiga tena. Mkono ukaenda mdomoni wenyewe, Bibi Lin akaudaka. Ndivyo ilivyokuwa siku hiyo na iliyofuata. Siku ya sita nilimpa bakuli ambalo sikuligusa, na alipokuwa anakunywa nilimkodolea macho, kana kwamba kweli nimetia kitu. Akamaliza. Akafuta mdomo. Akainuka kwenda kulisha kuku. Mimi nikabaki pale chini nalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na Mzee Chen, maskini, hakujua aondoke au akae.

Nilirudi na mzigo wangu, kopo moja la unga wa chai, mabakuli mawili meusi na upekecho. Nikamfundisha Monica kidogo. Kosa langu ni hilo, kwa sababu Monica ana mdomo.

Sasa njoo kwenye Jumamosi ya tarehe sita mwezi huu. Watu wa Rodney walikuja kuleta posa: baba yake, Mzee Aminieli, mwalimu mkuu mstaafu, na mkewe, na ndugu wawili. Kwa kuwa Monica hana baba wa kumsemea, Thadeus ndiye aliyekaa kama mwenye nyumba, kwenye sebule yangu, Mama pembeni yake. Wale watu wa Machame hawagusi pombe hata ya kunusa, kwa hiyo mbege haikuwepo. Nilimshukuru Mungu kwa ulokole wao. Nilikuwa nimeweka kreti nne za soda. Kila mtu angekunywa kwenye chupa yake, Thadeus angekunywa ya kwake, na hakuna ambaye angeona lolote.

Maana wakiona imekwisha. Mjomba asipopokea kutoka mkononi mwa dada yake mbele ya wakwe, wakwe watauliza, na kwa Kibosho jibu lingewafika kabla hawajavuka mto. Nani anatuma kijana wake akaoe kwenye nyumba inayotajiwa sumu? Wiki nzima nilikuwa sili vizuri.

Thadeus alikuwa ameshashika chupa yake ya soda aliposimama Mzee Aminieli. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, siwezi kuyasahau.

"Mama Monica, binti ametusimulia chai uliyojifunza Uchina. Soda tunazo hata Machame. Tungeomba tuanze na chai hiyo, ndipo tuseme tulichojia. Na kwa heshima ya nyumba hii, aanze mjomba."

Ningeweza kusema unga umekwisha, lakini Monica, Mungu amsamehe, alikuwa ameshaleta kopo na anatabasamu kama mtu aliyefanya jema. Thadeus akaiweka soda chini bila kuifungua. Hakunitazama.

Nikaanza. Ukitaka kumtisha mtu anayeogopa sumu, mletee unga wa kijani kutoka Uchina. Nilimwona anavyoutazama nilipouchekecha. Nikatia maji ya kwanza, nikavuruga. Ya pili. Ilisikika sauti ya mwanzi tu ndani ya bakuli. Ya tatu, ya nne, mkono ukapata joto na nikasahau kidogo nipo wapi. Ya saba povu likapanda jeupe na kushika ukingo pande zote. Halijawahi kupanda vile, hata kwa Bibi Lin. Wale wageni wa Machame wakaguna kwa kusifu.

Nikapiga magoti mbele ya Thadeus, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Hakupokea. Aliinama karibu na sikio langu, akaniambia kwa Kichagga, polepole, "Onja."

Sikiliza hesabu ya moyo wangu, mdogo wangu, kwa kuwa ndicho ninachotaka ukijue. Ningeonja, angekunywa. Nilijua angekunywa, kwa ajili ya wageni. Posa ingepita. Na wakwe wangeona ni desturi tu, hata wao wanayo. Ilikuwa kazi ya funda moja. Na nikaona kwamba nikionja pale, mbele ya mama yangu na mtoto wangu, nimekiri. Nitaonja mpaka kufa kwangu.

"Chai hii mpishi haonji, Kaka," nikasema kwa Kiswahili, wote wasikie. "Ya kwanza ni ya mgeni."

"Mimi si mgeni hapa."

"Miaka mitatu umekuwa mgeni."

Hiyo niliisema kwa Kichagga. Nikaona shavu lake linacheza. Sijui wale wa Machame walishika nini, Kichagga chao si chetu, lakini Mzee Aminieli aliacha kutabasamu. Mama alikuwa ameshikilia rozari yake haisogei. Monica alisimama mlangoni na trei ya vitafunwa, nikasikia sahani zinagongana. Nilijua ninacheza na ndoa ya mwanangu. Nilijua, na sikuushusha mkono.

Povu lilikuwa bado limeshika. Nilikuwa nalitazama hilo, maana sikuweza kumtazama yeye. Upande mmoja likaanza kuachia, mstari mwembamba wa maji ya kijani ukatokea ukingoni. Nikajiambia, likiachia lote nitainuka, niwaombe wageni radhi, niwaambie ukweli wote mwenyewe, wabebe na posa yao.

Thadeus akalichukua bakuli. Alilishika kwa mikono miwili, akafumba macho kama mtu anayemeza mwarobaini, akanywa. Alikunywa mpaka mwisho, koo linapanda na kushuka, akaligeuza wageni waone chini. Povu lilimbaki kwenye masharubu. Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Mzee Aminieli akavuta kiti mbele akasema, "Sasa tuzungumze."

Posa ilipokelewa, Urbanus. Yalikwenda vizuri, walikula kiburu wakaomba na cha kubeba, wakaondoka jua bado lipo juu.

Niliporudi jikoni kuosha vyombo, Thadeus akanifuata. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nilidhani ataniomba radhi. Nilikuwa nimeiandaa hata sura ya kumsamehea.

Akaniambia kwamba wiki ile baba alimlalamikia kifua. Si mara moja, mara tatu. Alimwomba ampeleke hospitali mjini. Thadeus alikuwa anangoja zamu ya trekta kwenye shamba letu la mahindi kule Kahe, na zamu aliyoandikiwa ilikuwa Alhamisi. Alimwambia baba avumilie mpaka Ijumaa. Alhamisi ile, wakati baba anakunywa mbege kwangu, kaka yetu alikuwa Kahe anafuata trekta. Ijumaa alfajiri alikwenda kumwamsha ili wateremke mjini.

"Aisee Anyesi, nilitaka iwe sumu," akasema. "Ikiwa sumu, si mimi."

Niliendelea kuosha bakuli lile lile, nikaliosha mpaka maji yakapoa. Aliondoka, na sikuinua kichwa.

Ndipo uone maajabu ya moyo wa binadamu. Miaka mitatu na nusu niliota siku kaka yangu atakapopokea kutoka mkononi mwangu. Nilidhani siku hiyo nitaruka. Badala yake nimekuwa nalala na hasira ambayo sikuwa nayo hata alipokataa chai yangu. Wakati ule nilidhani ananishuku kweli, nikamwonea huruma. Kumbe alijua. Aliniacha nipite mbele ya wale wanawake wanaonyamaza, na alijua.

Juzi Ijumaa asubuhi alikuja tena. Alibeba kibuyu cha mbege, ameipika mkewe, na shingoni mwa kibuyu amefunga jani la isale. Huhitaji mimi nikufundishe. Ukiletewa isale mlangoni umeombwa msamaha, na hukatai. Baba alikuwa anasema hata mwenye damu mkononi akija na jani lile humgeuzii mgongo. Alimimina kwenye kata, akaonja mbele yangu, akaninyooshea. Kwa mikono miwili, kama mimi siku ile.

Nilimwambia aiweke mezani. Akaiweka, na kibuyu kando yake. Alingoja kidogo, kisha akaenda zake taratibu.

Ipo hapa mezani mpaka sasa, mbele ya karatasi hii, na jani lake limeanza kunyauka. Leo siku ya tatu. Monica anaizunguka anapofagia. Mama alipita jana, akaitazama, akanitazama mimi, akaanza kulia kimya kimya, na mimi nikajifanya natafuta chumvi. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nimemwita mtu huyu mkatili miaka mitatu kwa jambo ambalo sasa nalifanya mimi, na nalifanya vizuri zaidi yake, maana yeye angalau alikuwa anaogopa.

Usiniandikie kwamba nisamehe saba mara sabini. Najua kuhesabu. Niandikie kama ulijua habari ya kifua cha baba. Kama Thadeus alikuambia na wewe ukanyamaza, niambie, afadhali niumie mara moja. Kama hukujua, basi tuko wawili, na hilo peke yake litanipunguzia.

Mama anakusalimu sana na kusema uvae sweta hata kama huko ni joto. Monica na Rodney wanakuamkia, wanauliza kama utaruhusiwa kuja Desemba. Salvina wa jirani anakusalimu. Tabitha, ambaye hujamjua bado, naye anakusalimu na kuomba umwombee mtaji. Thadeus hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake sina.

Mungu akulinde na homa na mito mikubwa ya huko, akupe watu wa kukumenyea ndizi, na akurudishe kwetu ukiwa mzima ukute wote tupo.

Ni mimi dada yako, ambaye hata akikukasirikia anakuombea kila jioni,

Anyesi

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Nimekwenda kumwita Thadeus. Alikuja na jembe mkononi, hakujua anaitiwa nini. Nimeinywa ile mbege mbele yake, kata nzima. Ilikuwa imechacha vibaya sana, mdogo wangu, machozi yalinitoka, na yeye akaniuliza kama ni kali. Nikamwambia ni kali. Akaomba na yeye, nikammiminia, nikampa. Sikuonja, wala hakungoja nionje.